Mbuzi Choma wa Jumapili: Kumi, Tisa, Nane, Mpaka Mfupa

Baa zimetudekeza. Unaagiza kilo mbili, unapiga stori, sinia linafika nyama ikiwa imeshakatwa, na ikiwa ngumu kuna mtu wa kumgombeza. Nyumbani huna huyo mtu. Mbuzi akigoma, macho yote yanakugeukia wewe uliyeshika koleo, na kama ukweni wamo miongoni mwa wageni, taarifa itafika Marangu kabla hujamaliza kusugua wavu.

Ndiyo maana nimepanga orodha hii, inayohesabu kurudi nyuma. Namba kumi unaweza kuipuuza na bado ukala vizuri. Ukipuuza namba moja, bora ungepika maharage. Tatizo ni kwamba mimi ni Mpare wa Usangi niliyeoa Uchagani, kwa hiyo neno lolote nitakaloandika kuhusu nyama lazima lipite kwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye amedai nafasi ya kujibu hapa hapa. Utani wa Wapare na Wachaga umetutangulia wote wawili duniani. Sikuwa na namna ya kumnyima.

Shemeji: "Andika kabisa kwamba mbuzi nimenunua mimi. Mpare kutoa hela ya mbuzi mzima ni habari ya ukurasa wa kwanza."

Amenunua nusu. Tuendelee.

10. Vifaa

Aproni yenye maandishi ya utani si lazima. Kinachohitajika ni jiko pana (nusu pipa linatosha sana), wavu mzito usiopinda ukipata moto, koleo ndefu itakayookoa vinyweleo vya mkono wako, kisu kikali, na mbao mbili: mmoja wa nyama mbichi, mwingine wa nyama iliyoiva. Hizo mbao mbili usizifanyie mzaha. Wageni wengi wanaoharisha Jumatatu huilaumu kachumbari, kumbe kosa ni ubao uliopokea nyama mbichi asubuhi na nyama choma mchana bila kuoshwa katikati.

Kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano, ni kizuri ukikipata.

Shemeji: "Sindano ya nini, mbuzi anachanjwa? Kwetu mzee anaweka kiganja juu ya wavu na kuhesabu."

Hapo simbishii. Shika kiganja chako hewani, shubiri moja juu ya wavu. Ukishindwa kufika tatu, moto ni mkali. Ukifika tano au sita ndipo unapouma, moto ni wa wastani, na huo ndio tutakaouhitaji kule kwenye namba mbili.

9. Viungo

Kuna mtu hawezi kuchoma nyama bila kwanza kuifunika kwa bizari, tangawizi, kitunguu saumu, masala ya pilau, sosi ya nyanya na kijiko cha asali alichokisikia kwa jirani. Halafu anaiweka juu ya mkaa mwekundu. Kitunguu saumu kikiungua ni kichungu. Asali na sosi ya nyanya zina sukari, na sukari inaungua kabla nyama haijapata habari. Unachopata ni nyama nyeusi kwa nje, mbichi kwa ndani, inayonuka duka la viungo.

Viungo vina mahali pake. Waomani wana shuwa, mlo wa Idi: mapande makubwa ya mbuzi au kondoo yanapakwa viungo kwa wingi, yanafungwa kwenye majani, yanafukiwa kwenye shimo lenye makaa na kuachwa humo siku nzima au mbili. Pale viungo vinafanya kazi kweli, kwa sababu mwali hauvigusi. Vimefungiwa na nyama, vinaiva nayo. Jiko letu la nusu pipa ni jambo lingine. Kwangu mimi: chumvi, ndimu kidogo, basi. Mwenye kutaka tangawizi aitwange, aikamue, apake maji yake tu.

Angalizo kwa wapenda papai bichi. Utomvu wa papai una kimeng'enya cha papaini, kinachokata protini za nyama, kwa hiyo unalainisha kweli. Lakini haujui kuacha. Ukiilaza nyama humo usiku kucha, asubuhi utakuta uso wake umekuwa uji.

Shemeji: "Naelewa. Chumvi ni ya bei chee, mdalasini unanunuliwa."

8. Kinacholiwa pembeni

Hapa ndipo ndoa yangu hutikisika. Mimi ni mtu wa ugali mgumu wa dona. Ukweni wanataka ndizi, na ndizi zenyewe wanazo za kila kazi: za mtori, za kiburu, za kuivisha na kuchanganya na ulezi mpaka ziwe mbege. Kwenye mbuzi choma wanaleta mzuzu, zilizoanza njano lakini hazijalegea. Unaziweka na maganda yake pembeni ya moto, unazigeuza mpaka ganda liwe jeusi na kupasuka lenyewe, kisha unalimenya. Ndani unakuta ndizi ya rangi ya dhahabu, laini, tamu kiasi. Ukiinyunyizia chumvi na kuimega na kipande cha mbavu chenye mafuta, unaanza kuelewa kwa nini wale watu hawahami mlimani.

Wasijidai wamevumbua, lakini. Kampala muchomo huenda na gonja la kuchoma, Kigali na Bujumbura mshikaki wa mbuzi huletwa na ndizi, na Lubumbashi wana michopo yao. Wakenya wao wako upande wangu: nyama ikatwe juu ya ubao, ugali ukae katikati, kila mtu amege. Ni mara chache kumsikia Mtanzania akikiri kwamba Wakenya wamepatia jambo kwenye nyama, kwa hiyo likate hili gazeti ulihifadhi.

Chipsi? Hapana. Ukiziweka kwenye sinia moja na nyama zinanyonya mafuta na kulegea ndani ya dakika tano.

Shemeji: "Ninyi chakula chenu ni makande. Kura yako hapa haihesabiki."

Makande yana mahindi na maharage, yanashibisha, na hayajawahi kumwingiza mtu kwenye mkopo wa harusi. Tutafika kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa harusini, usijali.

7. Kachumbari

Ikatwe nyama inapotoka motoni, si asubuhi. Nyanya iliyokatwa na kutiwa chumvi inatoa maji, na kachumbari ya asubuhi ikifika mchana ni supu baridi. Kitunguu kikate chembamba, kisugue na chumvi kwa vidole, kisuuze, kikamue: ukali wote unaondoka, utamu unabaki. Nyanya ngumu, tango, pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu, ndimu mwishoni.

Mke wangu, aliyekuwa anasoma nyuma ya bega langu: "Umeandika kana kwamba huwa unaikata wewe."

6. Mkaa

Kabla ya 1 Juni 2019, siku Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kila mtaa ulikuwa na fundi wa kuwashia mkaa kwa mfuko wa rambo. Unadondoka matone ya moto, unanuka, mkaa unashika. Nyama nayo inashika ile harufu. Rambo zimeondoka, lakini mafuta ya taa yapo, na wapo wanaoyamwagia mkaa huku mbuzi akisubiri hatua mbili pembeni. Mbuzi anasikia kila kitu.

Washa kwa karatasi na vijiti, au ukiwa Pwani tumia vifuu: ganda kavu la nazi linashika haraka na linatoa moto safi. Kisha, na hili ndilo linalowashinda wengi, acha. Usiweke kitu. Mkaa mweusi unaotoa mwali bado unatoa moshi. Unausubiri mpaka kila bonge livae majivu ya kijivu na ndani kuwe kwekundu tupu. Ni kama nusu saa. Mkaa wa mti mgumu, mathalani mgunga, unachelewa kushika lakini unadumu. Mkaa mwepesi unakufa kabla ya paja, halafu unalazimika kuongeza mbichi chini ya nyama na kuifukiza moshi upya. Dawa yake ni kuwa na jiko dogo pembeni, unawashia mkaa wa akiba humo, unaongeza ukiwa umeshakubali.

Na jiko la mkaa halikai ndani ya nyumba. Mvua ikinyesha, hamia chini ya kibanda kilicho wazi pande zote, au ahirisha, au tumia oveni. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na imeua familia nzima zilizofunga madirisha. Hapo sina utani.

Kuna watakaosema mkaa wenyewe unaaga. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono. Maharage ya kila siku yasiyeyushe msitu. Yapikwe kwa gesi.

Shemeji: "Asilimia 80 ni wengi, Mungu awabariki. Mimi niko kwenye zile 20, Jumapili tu."

5. Mbuzi mwenyewe

Nusu ya kazi inaishia siku unaponunua, na hapa nakuomba ukae chini.

Ukienda mnadani, Pugu kwa mfano, usimtazame mbuzi manyoya. Mfungue mdomo. Mbuzi ana meno manane ya mbele, ya taya la chini tu. Yakiwa yote madogo, hajafikisha mwaka au ndio kwanza anaufikisha. Jozi ya kwanza ya meno makubwa, pale katikati, huota akiwa na mwaka mmoja na miezi michache. Jozi ya pili ni kama miaka miwili, ya tatu mitatu, na akijaza yote manane ana miaka minne hivi, huyo ni wa supu au wa kuombewa. Wa kuchoma ni mwenye meno madogo matupu au jozi moja kubwa. Muuzaji atakuapia kwa watoto wake kwamba mbuzi ni mdogo. Mwache aape, wewe hesabu.

Pili, beberu. Dume asiyehasiwa aliyekomaa ana harufu yake, na ndimu haiitoi, tangawizi haiitoi, sala haiitoi. Chukua jike mchanga au dume aliyehasiwa.

Shemeji: "Siku ya posa tungekufungua mdomo hivyo hivyo, mahari ingepanda mara mbili."

Asiye na muda wa mnada aende bucha, au alfajiri Vingunguti, lakini aende akijua anataka nini. "Nipe nyama ya kuchoma" siyo oda. Kwa kuchoma unataka mbavu zikiwa ubao mzima, zisikatwekatwe, na paja zima lenye mfupa. Mkono nao ni mzuri kwa mwenye subira, maana una mafuta na kano nyingi. Shingo na kichwa peleka kwenye supu. Mwambie muuza bucha asilipasue paja kwa panga: vipande vidogo vinakauka upesi, na vichembe vya mfupa vitakuja kutafutwa na meno ya mama mkwe.

Tatu, siku. Saa chache baada ya mbuzi kuchinjwa, misuli yake inakakamaa, na ukiichoma katikati ya ukakamavu huo utatafuna mpaka taarifa ya habari ya saa mbili. Ikilala usiku kwenye friji misuli inalegea yenyewe. Chinja Jumamosi, choma Jumapili. Wanaochinja asubuhi na kula mchana ule ule husema nyama ya jana si tamu. Wanasema huku wakichokonoa meno.

4. Chumvi

Ni kidogo, lakini saa yake ndiyo yote. Ukipaka chumvi, kwanza inavuta maji ya nyama kuja juu. Baada ya muda yale maji yanayeyusha chumvi na kurudi nayo ndani. Kwa hiyo kuna njia mbili zinazofaa: paka usiku, uiache friji bila kufunika ili uso ukauke, au paka dakika hiyo hiyo unapoiweka motoni. Iliyo mbaya ndiyo inayopendwa, ya kupaka nusu saa kabla, kwa sababu unaiweka nyama wavuni ikiwa imelowa chepechepe na robo saa ya kwanza inaishia kukausha maji.

Ile chupa ya maji ya chumvi yenye tundu kwenye kifuniko? Itumie mwishoni, kwa adabu. Ukinyunyiza kila dakika unachemsha, huchomi.

3. Washauri

Weka jiko uani, washa moto, hesabu mpaka kumi: watatokea wanaume wanne wenye digrii ya moto. Mmoja anasema geuza. Wa pili anasema usiguse. Wa tatu anafunua, anafunika, anafunua. Wa nne anamwagia nyama bia, majivu yanaruka yote yanatua juu ya mbavu, naye anaita hiyo ladha.

Wape kazi. Wa kwanza afuate barafu, wa pili achambue mzuzu, wa tatu awe wa muziki. Wa nne mnyang'anye chupa.

Shemeji: "Mimi sishauri. Mimi nasimamia."

Ndiye wa tatu.

2. Moto ukae pembeni

Sasa tumefika. Umeshawahi kuona ndafu akiingia ukumbini? Mbuzi mzima, amesimama juu ya meza ya magurudumu, majani mdomoni, muziki umepandishwa, na bibi harusi anasubiri kumkata mahali ambapo wengine wangekata keki. Wachaga walianza, leo hata harusi za Dar es Salaam zisizo na Mchaga hata mmoja zinaye. Jiulize: mbuzi mzima anaivaje hadi kwenye nyonga bila nyama yake ya nje kuwa mkaa?

Shemeji: "Kwa akili."

Kwa umbali. Wanaomchoma hawamlazi juu ya mwali. Moto unakaa chini na pembeni, mbuzi yuko kwenye mti wake, anageuzwa taratibu kwa saa kadhaa. Wamaasai nao wakichoma huchomeka vijiti ardhini kuuzunguka moto, nyama ikiinamia joto bila kulaliwa na mwali. Ukweli huo huo unaingia kwenye nusu pipa lako: kusanya mkaa wote upande mmoja, upande wa pili uache mtupu. Paja na mbavu anzia upande mtupu, mafuta yakitazama juu, halafu funika kwa sufuria kubwa la shughuli lililopinduliwa. Mafuta yakidondoka yanadondoka pasipo na moto, kwa hiyo hayawaki. Ule mwali unaoruka na kuunguza mbavu ni mafuta tu yaliyokosewa mahali pa kudondokea.

Ndani ya paja kuna kano na tishu ngumu zenye kolajeni. Zikipata joto la taratibu kwa muda mrefu zinayeyuka kuwa jelatini, ndiyo ule ulaini unaonata vidoleni. Zikipata joto la ghafla zinajikunja na kuikamua nyama maji yake. Vitabu vitakuambia nyuzi 63 ndani ya nyama zinatosha kwa usalama, ukiipumzisha dakika 3. Zinatosha kwa usalama. Hazitoshi kwa mama mkwe, na kwa paja la mbuzi yuko sahihi. Lipeleke mpaka 80 na ushee, polepole. Mbavu zitachukua kama saa moja, paja la kilo mbili saa mbili au zaidi. Mwenye kipimajoto akichomeke, asiye nacho ashike mfupa wa paja auzungushe: ukizunguka ndani ya nyama bila ubishi, imeiva.

Ndipo, mwishoni kabisa, unahamisha nyama upande wa mkaa. Dakika tatu, nne kila upande, wazi, bila kuondoka. Hapa ndipo rangi inapatikana. Mkemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, aliueleza mwaka 1912 ule mchanganyiko wa protini na sukari unaogeuza uso wa chakula kuwa wa kahawia na kuupa harufu inayowaleta majirani ukutani. Unakwenda vizuri joto likipita nyuzi 140 hivi. Maji yanachemkia 100. Ndiyo kusema nyama iliyolowa haiwezi kupata rangi mpaka maji yake yaishe, na sasa unajua kwa nini niliisema vibaya ile chupa kwenye namba nne.

Shemeji: "Maillard huyo ni wa Kibosho au wa Machame?"

Na mtu akikuambia uanze na moto mkali ili "kuifungia nyama maji", mjibu kwa upole kwamba hiyo ni dhana ya Justus von Liebig, Mjerumani wa karne ya 19, na imeshapimwa ikaonekana si kweli. Ganda la kahawia ni tamu, lakini halizuii maji. Ukilisikia linachachatika wavuni, hayo ndiyo maji yenyewe yanatoka.

Wakazi wa ghorofani msinune. Oveni kwa nyuzi 160, paja limefungwa kwa karatasi ya aluminiamu, saa mbili; kisha lifungue na uliweke kwenye moto wa juu dakika chache liive rangi. Moshi hakuna. Wala majirani.

1. Mwenye kisu

Nimeona mbuzi waliochaguliwa meno, wakatiwa chumvi kwa saa, wakachomwa saa tatu kwa adabu zote, wakaharibiwa ndani ya dakika mbili na mtu mwenye panga na njaa. Ndiyo maana hii ni namba moja.

Kwanza, waonjaji. Nyama ikianza kunukia, kila apitaye jikoni anachomoa kipande "aonje chumvi", na paja la kilo mbili linafika sebuleni likiwa historia. Kuwazuia huwezi, wanunue. Maini na figo ziweke wavuni mapema, dakika chache tu kila upande, chumvi, ndimu, katakata, gawa hapo hapo kwa waliosimama. Wanatulia. Ni hongo, ndiyo, na kwenye nyumba yangu ni halali.

Pili, iache ipumzike. Mbavu dakika tano, paja robo saa au zaidi, limefunikwa kiulegevu. Ukilikata likiwa limetoka motoni, mchuzi wote unakimbilia ubaoni. Ukisubiri, mwingi unabaki ndani. Robo saa hiyo ndiyo ya kukata kachumbari, na ndiyo ndefu kuliko zote kwa binadamu aliyesimama karibu na paja.

Tatu, angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kata kwa kuzikatisha. Ukizifuata, unampa mgeni kamba. Mbavu unapitisha kisu katikati ya mfupa na mfupa. Paja unalivua mnofu kwanza, mfupa unauweka kando. Panga lirudi shambani.

Nne, ugawaji, na hapa Mpare natoa heshima. Kwa wazee wa Kilimanjaro mbuzi hakatwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na ukikosea kumpelekea mtu kipande chake umemtukana yeye na waliomzaa. Sisi wa mjini tunamwaga kila kitu kwenye sinia moja, mwenye mkono mrefu ndiye anayeshiba. Watoto wanabaki na ngozi, bibi asiye na meno anabaki na mbavu. Kabla sinia halijatoka, tenga: mnofu laini kwa wazee, kipande kisicho na mfupa kwa watoto, na cha aliyekata vitunguu, ambaye kawaida yuko jikoni na hakuna anayemkumbuka mpaka sinia liwe jeupe.

Mke wangu: "Hatimaye."

Shemeji: "Na aliyenunua mbuzi?"

Aliyenunua nusu alishakula maini yote, figo mbili, na ule upande wa mbavu uliokuwa "unaangaliwa kama umeiva".

0. Mfupa

Orodha ilikuwa ya kumi, lakini mfupa wa paja hautupwi. Uweke kwenye sufuria pamoja na shingo, kichwa na miguu iliyobabuliwa, maji ya baridi, kitunguu, tangawizi, pilipili nzima isiyopasuliwa. Chemsha kwa moto mdogo saa tatu, ukitoa povu mwanzoni. Chumvi mwishoni, ndimu mezani. Wa Arusha, mlio juu kwenye mita 1,400, ongezeni muda: maji yenu yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, na mifupa inalijua hilo.

Shemeji: "Supu itakuwa tayari saa ngapi?"

Saa moja asubuhi, shemeji.

Shemeji: "Basi nalala hapa hapa. Chapati ni jukumu la Wapare."